Rushwa ya Ngono Vyuoni: Wajibu wa Wakazi



Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kianzishwe mwaka 2007, wanafunzi wengi wamepanga vyumba katika mitaa ya jiji. Binti aliyetoka mbali kuja kusoma hana mzazi karibu. Walio karibu naye ni mwenye nyumba, mama lishe na jirani.

Mhadhiri akimwambia kwamba hatapata alama mpaka akubali kukutana naye faragha, jambo hilo lina jina: rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtaja mkosaji kuwa ni mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo. Alama ni haki ya aliyefanya mtihani.

Sheria haiulizi binti alivaa nini; na jirani asiulize. Aibu ikimwangukia aliyedaiwa, hunyamaza. Naye akinyamaza, mdai humgeukia mwingine. Anayesimuliwa na asikilize, asimtangaze mtaani. Amshauri atunze ujumbe wa simu na kuandika tarehe na mahali, kisha amsindikize kwenye dawati la jinsia, chuoni au polisi, au TAKUKURU, inayopokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Wavulana nao wakidaiwa, wasikilizwe vivyo hivyo.

Mzazi aliyeuza ng'ombe au alizeti kulipa ada alimtuma mwanawe kusoma. Hakumtuma kunyamazishwa.