Kuhesabu Mali Inayokwenda Ng'ambo
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Ozi)



Sisi wa reli twachukua mizigo ya bandarini kila siku, lakini uzito wa behewa hautuambii nchi imepata nini.

Tazameni embe la hapa Ozi. Mti ni wetu, maji ni ya Tana, mikono ni yetu. Likiuzwa ng'ambo, karibu thamani yote imetoka hapa. Sasa tazameni shati linaloshonwa Athi River kupelekwa Marekani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000, iitwayo AGOA, iliruhusu lishonwe kwa kitambaa cha nchi nyingine. Mashamba ya pamba ya jirani zetu wa Hola yalikosa maji mwaka 1989, mto ulipohama. Kitambaa kingi hutoka Asia.

Tuseme shati ni shilingi 100: kitambaa na vifaa vya nje 60, ujira 15, mengineyo ya hapa 25. Forodha huandika 100, lakini kilichobaki nchini ni 40. Shilingi ikishuka thamani, twaambiwa mali yetu itakuwa rahisi na wanunuzi wataongezeka. Kwa embe huenda ikawa hivyo. Kwa shati, kitambaa nacho hupanda bei, basi nafuu ni ndogo.

Na tajiri akisema, "Tupunguze ujira sehemu moja ya kumi tupate soko," mwombeni hesabu. Sehemu moja ya kumi ya 15 ni shilingi moja na nusu tu katika 100. Mnunuzi hataiona, mshonaji ataiona jikoni.

Basi, ndugu, kabla ya kutia sahihi mapatano yoyote, tuulize kwanza: katika bei hii, ngapi ni zetu?

Umoja ni nguvu.