Mgonjwa wa Ng'ambo ya Mpaka
(Hotuba kwa Waislamu wa Busia na Tororo)



Busia ni jina moja juu ya miji miwili. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya jirani, ambayo leo ni Kenya. Na mpaka uliotokea ukawagawa Wasamia na Wateso. Harusi na misiba huuvuka mpaka huo, na maradhi huuvuka vilevile. Maradhi hayamwulizi mtu uraia wake, walakini hospitali humwuliza.

Mwaka 2001 Uganda iliondoa malipo katika hospitali na vituo vya afya vya serikali, isipokuwa vyumba vya kulipia. Kwa hiyo wagonjwa wa upande wa Kenya huvuka kutafuta tiba. Nchini Kenya, tangu Oktoba 2024, matibabu ya hospitali yamefungamana na bima ya SHA, na sheria yake inamtaka hata mgeni aliyekaa zaidi ya miezi 12 ajiandikishe.

Hapa pana jambo la kuonywa. Yuko mgonjwa ambaye, kwa hofu ya kurudishwa, huazima kitambulisho cha shemeji yake. Yaonekana ni huruma, kumbe ni hatari. Daktari huandika dawa kwa kusoma habari za mwili wa mtu mwingine. Na mwenye kitambulisho, akiugua kesho, hukuta maradhi yasiyo yake yameandikwa kwa jina lake. Amana ya watu wawili imevunjwa kwa uongo mmoja.

Hatari ya pili ni ya kifua kikuu, ambacho dawa zake kwa kawaida huliwa miezi 6. Mchuuzi aanzaye dawa Tororo, kisha akahamia Kenya bila barua ya kituo chake, huzikatiza. Na ugonjwa uliokatizwa dawa huweza kurudi mkaidi zaidi, ukawapata watoto wa nyumbani.

Basi yapasa mambo matatu. Mgonjwa ataje jina lake la kweli. Ahifadhi daftari lake la matibabu, wala asihame bila barua ya daktari. Na jirani mwenye elimu amsindikize asiyejua kusoma, amsaidie kujiandikisha kabla ya kuugua. Kwani usiku wa homa si wakati wa kutafuta karatasi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa pande zote mbili. Amin.