TUNDA LA MBEGU
Dominika ya Kwanza ya Kwaresima, Mwaka C



Somo la kwanza la Dominika hii, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, latuonyesha mkulima akimwendea kuhani, kikapu mkononi. Ndani yake yamo malimbuko ya shamba. Mkulima huyu hakungoja auze, ale, ashibe, ndipo alete yaliyosalia. Alitenga kwanza. Na kikapu kikiisha kuwekwa mbele ya altare, anakiri kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, mgeni katika nchi ya Misri.

Nataka tulitafakari somo hili kwa msaada wa tunda lisilokosekana jikoni mwetu, tangu Ujiji na Mwanga hadi Kalinzi na Manyovu, yaani nyanya. Msishangae. Bwana wetu alifundisha kwa punje ya haradali na kwa chachu ya mama wa nyumbani.

Nyanya nayo ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wenyeji wa Meksiko walikuwa wakiilima kabla Wahispania hawajaivusha bahari katika karne ya 16. Lakini nani leo, mwambao huu wa Tanganyika, anaiita chakula cha kigeni? Imekaa chunguni pamoja na mgebuka na mawese kama ndugu wa tumbo moja. Mkoa wetu, uliowapokea kwa miaka mingi watu wa Burundi na Kongo waliokimbia vita, usisahau fundisho hilo.

Tena nyanya si ya namna moja. Ipo Cal J, ya mmea mfupi na tunda gumu. Ipo Roma, ndefu kama yai, yenye nyama nyingi na maji machache, inayofaa mchuzi mzito na kukaushwa juani. Zipo Tanya na Tengeru 97, walizopewa wakulima wetu mwaka 1997 kwa kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha. Ipo Moneymaker, inayodai mti wa kuegemea, laini na yenye maji, tamu kwa kachumbari. Vipo hata vile vinyanya vidogo kama gololi, vinavyojiotea kando ya jalala, ambavyo watoto huvimaliza kabla mama hajavifikia. Mwenyezi Mungu angeweza kutulisha kwa ladha moja tu, nasi tungeishi. Hakupenda hivyo.

Wingi huu si wa kupendeza ulimi tu. Mvua zinapokuwa nyingi, bakajani hushuka juu ya bustani, na majani huwa kama yaliyounguzwa na moto. Aliyepanda aina moja pengine hupoteza yote kwa juma moja. Aliyechanganya ana matumaini ya kusaziwa kitu. Tangu mwaka 2014 amekuja pia nchini yule mdudu ambaye wakulima wanamwita kantangaze, atobaye majani na matunda. Huyo hajui mpaka wa shamba. Ukiokota matunda yaliyotobolewa na kuyafukia, na jirani yako akayaacha yaoze juu ya udongo, mmeangamia wote wawili. Hapo mkulima hujifunza kwamba wokovu wa bustani yake umo pia mikononi mwa jirani.

Sasa tufike kwenye mbegu, ambako ndiko moyo wa mtu hujulikana. Mbegu chotara ya dukani huzaa sana, wala si dhambi kuinunua. Ila watoto wake hawafanani naye, na kila msimu yakupasa kurudi dukani na fedha. Aina za kawaida ni tofauti. Ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, na mbegu yake huirudisha aina ile ile. Yatosha kukamua mbegu za tunda lililoiva vema, kuziacha zichachuke siku mbili au tatu, kuziosha, kuzikausha kivulini na kuzihifadhi pakavu. Tunda moja kubwa laweza kutoa mbegu mia na zaidi.

Lakini tunda lipi? Hapa wengi wetu hujikwaa. Lililo bora hupelekwa sokoni, kwa kuwa lina bei. La pili huliwa. Lililopasuka, dogo, la mmea uliodumaa, ndilo huachwa liwe mbegu. Baada ya misimu michache twalalamika kwamba ardhi imechoka, kumbe tumekuwa tukipanda mabaki.

Wapendwa, tazameni kama hatuishi hivyo katika mambo makubwa zaidi. Nguvu za mchana tunaipa biashara, jioni tunaipa kijiwe, na watoto wetu wanapewa baba aliyekwisha choka. Mungu hupewa dakika zilizobaki, maskini nguo isiyovalika. Kisha twauliza kwa nini imani ya vijana imedumaa.

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Ulikuwa mfungo mgumu kwa nyumba zinazoishi kwa wavu, wala asiyelala njaa asiuseme kwa wepesi. Lakini ulituambia ukweli ule ule: anayekula hadi mbegu hana kesho.

Basi, Kwaresima hii, anayelima achague mmea ulio mzima kuliko yote, afunge uzi kwenye tunda lake zuri, asiliuze. Mbegu zake azigawe sehemu mbili, moja ya kwake, moja ya jirani asiye na kitu, hasa mjane na mgeni. Asiye na bustani atende vivyo hivyo kwa saa zake na kwa mshahara wake: atenge kwanza.

Wala msidhani Mungu anatunyima raha. Sura ile ile yamwagiza mkulima, akiisha kutoa, afurahie mema yote pamoja na Mlawi na mgeni anayekaa kwake. Mfungo ukiisha na Pasaka ikifika, katakateni nyanya, nyunyizeni chumvi, mwiteni jirani. Anayetenga kwanza hula kwa amani.

Ee Bwana, utujalie moyo wa kukutolea kilicho bora, na mikono isiyoogopa kugawa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.