Mwenzetu Akipoteza Kazi, Kikundi Kifanye Nini?

(Haya ni mazungumzo yetu na viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika ili na wale ambao hawakufika wayasome na kuyajadili.)

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya kuku wala mbegu. Tumekuja kujibu swali ambalo mmetuuliza mkutano baada ya mkutano: mwanachama akiachishwa kazi, na hawezi tena kutoa mchango, tumfanye nini? Vikundi vingine vinasema katiba ni katiba, akikosa mara tatu jina lake lifutwe. Vingine vinamwonea huruma na kunyamaza, naye anaona haya kukaa na watu wanaochanga, mwisho anaacha kuja. Njia hizi mbili zinafika mahali pamoja. Mtu amepotea.

Sisi tulio katika kazi ya ustawi wa jamii tunataka kuwaambia jambo moja tu. Aliyepoteza kazi amepoteza vitu viwili. Amepoteza mshahara, na amepoteza ile shughuli iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Mshahara kikundi hakiwezi kumrudishia. Lakini hicho cha pili kikundi kinaweza kumrudishia, tena kuanzia wiki hii.

Si jambo geni kwetu

Kwanza tuache kumtazama mwenzetu kana kwamba ni mvivu au amelogwa. Mnakumbuka mwaka 1993 serikali ilipoanza mpango wa kuwastaafisha mapema watumishi wake wa ngazi za chini. Mwaka 2000 wengine wengi wakapunguzwa tena. Walirudi nyumbani watu ambao walikuwa hawajafanya kosa lolote.

Hapa magharibi tunaijua Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilianza kutengeneza karatasi mwaka 1974, na mji ukakua kwa sababu yake. Mwaka 2009 kikafungwa. Aliyepata hasara hakuwa yule wa mashine peke yake. Mwenye nyumba za kukodisha alibaki na vyumba vitupu, mama wa chakula akabaki na sufuria zake, mkulima wa miti akakosa wa kumuuzia. Kilijaribiwa kufufuliwa, kikasimama tena, na mwaka 2016 kikauzwa kwa mwekezaji. Mtu aliyetoka na miaka 40 mwaka 2009, hiyo 2016 alikuwa na 47. Je, miaka hiyo saba aliishi vipi? Hilo ndilo swali letu.

Na mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, shule zilifungwa mwezi wa Machi, zikafunguliwa kabisa Januari 2021. Waalimu wengi wa shule za kibinafsi walikaa miezi hiyo bila mshahara. Mwalimu alionekana akiuza ndizi, na wengine wakamcheka. Jamani, kulikuwa na kichekesho gani hapo?

Wakati mwingi lakini mikono mitupu

Tukiwa chuoni tulisomeshwa habari za Marienthal, kijiji cha wafanyakazi huko Austria, karibu na mji wa Vienna. Tunawasimulia kwa sababu kinafanana sana na Webuye. Kijiji kizima kilitegemea kiwanda kimoja cha nguo, na mnamo 1929 na 1930 kiwanda hicho kikafungwa. Wataalamu wakaenda kukaa na watu wale, mmoja wao mama kijana aitwaye Marie Jahoda, na mwaka 1933 wakatoa kitabu juu ya waliyoyaona.

Walidhani nini? Walidhani mtu asiye na kazi, kwa vile ana wakati mwingi, atasoma zaidi, atashiriki zaidi katika vyama. Wakakuta kinyume. Katika maktaba ya wafanyakazi, vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu, ingawa ada ilikuwa imeondolewa. Walipowatazama watu barabarani, waliona wanaume wanatembea pole pole na kusimama-simama, kama watu wasio na pa kwenda. Wanawake walitembea upesi zaidi. Kwa nini? Kwa sababu mama alikuwa bado na moto wa kuwasha, nguo za kufua na watoto wa kulisha. Mshahara ulikuwa umekwisha, kazi yake haikuisha. Wanaume walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, wengi walishindwa hata kueleza.

Sisi tuliposikia hayo tuliwafikiria wale wanaokaa pale sokoni chini ya mti kutoka saa mbili asubuhi mpaka jioni. Nyinyi mnawajua.

Yule mama Jahoda baadaye alieleza kwamba kazi humpa mtu mambo matano mbali na pesa: saa za kufuata, watu wa kukutana nao nje ya nyumba yake, lengo la kufanya pamoja na wengine, jina au cheo mbele ya watu, na shughuli ya mikono. Hebu hesabuni vizuri. Kikundi chenu kina mkutano wenye saa yake. Kina watu. Kina lengo. Kina vyeo vya mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina. Kina kazi za mikono. Yote matano mnayo! Basi kwa nini tumfukuze mtu siku ile ile anapoyahitaji?

Tusisahau na vijana waliomaliza shule na hawajawahi kuandikwa mahali popote, wala dada zetu waliokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani na wamerudi. Haya tunayosema ni yao pia.

Mambo manne ya kufanya

Kwanza, rekebisheni katiba. Wekeni kifungu kwamba mwanachama aliyeachishwa kazi, au aliyefungiwa biashara, hatoi mchango wa pesa kwa miezi mitatu au sita, na jina lake linabaki. Badala ya pesa anatoa siku za kazi. Hesabuni siku moja kwa bei ile ile ya kibarua hapo kijijini, na mwandishi aandike katika daftari. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ni kweli, lakini mkono huo unaweza kushika jembe, kalamu au nyundo, kwa hiyo si mtupu.

Pili, andikeni daftari la ufundi. Muulizeni: huko ulikokuwa ulifanya nini hasa? Karani wa stoo anajua kuhesabu mali, basi akague vitabu vya kikundi. Fundi wa mitambo atazame mashine ya posho kabla haijaharibika. Mpishi wa hoteli awafundishe akina mama kupika kwa ajili ya watu mia bila kupoteza chakula. Tulikuta kikundi kimoja kilichokuwa kikimlipa mtu wa kutoka mjini kila mwaka kuwapangia hesabu, na katika safu ya nyuma alikuwa ameketi mwanachama aliyefanya hesabu kiwandani miaka tisa. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Tatu, mpeni kazi yenye saa. Msimwambie, “Ukipata nafasi utusaidie.” Mwambieni, “Kitalu cha miche ni chako, kimwagiliwe saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, na Jumamosi utatupa ripoti.” Mtu anayengojewa saa moja hawezi kulala mpaka saa nne. Na akitoa ripoti mbele ya watu, anasimama tena kama mtu.

Nne, wekeni mpaka. Mtu asiye na kazi si punda wa kikundi. Siku zake zisizidi mbili kwa wiki. Siku akipata kibarua, aende bila faini, na mwingine ashike zamu. Siku nyingine ni za kutafuta kazi na za shamba lake. Tunawashauri wenzetu wagawe wiki namna hii: siku mbili kutafuta kazi, siku mbili shambani, siku moja au mbili kikundini, na Jumapili kupumzika na kusali. Anayetafuta kazi kila siku bila kupumzika huchoka na kukata tamaa, na asiyetafuta kabisa husahauliwa.

Haki zake asiziache

Wengi hurudi nyumbani na mfuko mmoja wa nguo, hata hawakuuliza. Viongozi, msaidieni mwenzenu kujua haya.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema, mtu akiachishwa kwa sababu kazi imepungua, lazima apewe ilani ya mwezi mmoja au alipwe mshahara wa mwezi huo. Siku zake za likizo ambazo hakuchukua zilipwe. Tena alipwe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Kwa mfano, aliyepata shilingi 15,000 kwa mwezi na amefanya miaka minane, tukichukua siku 15 kuwa nusu ya mshahara, ni shilingi 7,500 mara nane, yaani shilingi 60,000. Hiyo si zawadi ya tajiri, ni jasho lake.

Aombe pia cheti cha kazi, kinachoonyesha alianza lini, akaacha lini, na alifanya kazi gani. Sheria inamtaka mwajiri akitoe. Bila karatasi hiyo miaka tisa inaonekana kama hadithi tu. Akinyimwa haki, aende kwa ofisa wa leba au chama cha wafanyakazi, wala asingoje, kwa maana madai ya kazi yakipita miaka mitatu mahakama haiyapokei.

Na matibabu je? Bima ya NHIF ilikwisha, na tangu Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na SHA. Aliyekuwa akikatwa kwenye mshahara hakatwi tena akiacha kazi. Lazima apimiwe kiwango kipya kulingana na hali ya nyumba yake na alipe mwenyewe. Asipofanya hivyo ataligundua jambo hili siku mtoto anapolazwa.

Zile pesa za mwisho

Pesa za kuachishwa kazi zina miguu. Zikifika, jamaa wanafika, na rafiki anafika na habari ya matatu inayouzwa rahisi. Tunawaomba sana: kwa miezi mitatu ya kwanza zisinunue biashara yoyote ambayo mtu hajawahi kuifanya. Zilipe madeni yenye riba, ziweke chakula na karo, nyingine zikae katika benki au SACCO. Na kikundi nacho kisizitolee mate. Si haki kumkumbuka mwenzetu siku ya malipo tu.

Nyumbani

Tunajua baba ambao huvaa koti kila asubuhi na kuondoka, na mke hajui kwamba kazi iliisha mwezi uliopita. Ni mzigo mzito huo. Ambieni wake zenu, na watoto waambiwe kwa maneno machache: kazi imekwisha, chakula kitapungua, tutasaidiana. Mtoto akifichwa anadhani yeye ndiye mwenye kosa. Nanyi akina mama, msimwite mtu “bure kabisa” mbele ya wanawe. Neno hilo limewapeleka wengi kwenye chang'aa.

Halafu kuna hatari nyingine ambayo hatutaki kuipita. Mkiona mtu halali, hali, anagawa vitu vyake, au anasema heri angekufa, msiseme anatafuta kuhurumiwa. Asiachwe peke yake. Mpelekeni hospitali, na mtu mmoja akae naye. Huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na unatibika.

Kumalizia

Hatusemi kukosa kazi ni baraka. Njaa ni njaa, na kitalu cha miche hakilipi karo. Kwetu hakuna posho ya serikali ya kila mwezi kwa aliyeachishwa kazi. Kwa hiyo kudai kazi na mshahara wa haki ni lazima tuendelee. Papa Yohane Paulo wa Pili katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi alifundisha kwamba mtu ana thamani kuliko kazi anayoifanya. Sisi tunaongeza tu: kama ni hivyo, thamani hiyo haiishi siku lango la kiwanda linapofungwa.

Basi mkirudi, angalieni daftari la mahudhurio. Tafuteni jina lililoacha kuonekana. Tumeni watu wawili wamtembelee, na wasiende na pole tu. Waende na kazi yenye saa.

 

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika mwaka uliopita, ni nani aliyeacha kuja? Tunajua sababu?
2. Katiba yetu inasema nini juu ya asiyeweza kuchanga? Tungependa iseme nini?
3. Kila mmoja ataje ufundi mmoja anaoujua ambao kikundi hakijautumia.
4. Ni kazi zipi mbili za kikundi zinazohitaji mtu wa kila siku, na saa ngapi?