Zinki: Kutoka Mabati Hadi Kijiko cha Mtoto

Leo tunazungumza juu ya madini yanayoitwa zinki. Usidhani ni mgeni kwako. Inua macho utazame paa: mabati mengi ni chuma kilichopakwa zinki, ndiyo maana hayashiki kutu upesi. Hata yale mafuta meupe mazito ya kumpaka mtoto aliyechubuliwa na nepi mara nyingi huwa na zinki.

Mwili nao unaihitaji, kidogo tu, ili mtoto akue, vidonda vipone na kinga iwe na nguvu. Tunaipata katika nyama, omena, mayai, maharagwe na njugu. Mtoto anapoharisha, zinki hutoka pamoja na choo. Ndiyo sababu tangu mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto anayeharisha apewe zinki pamoja na ORS.

Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku. Aliye chini ya hapo, nusu. Weka kidonge kwenye kijiko, tia maziwa yako uliyokamua au maji safi kidogo, ngoja kiyeyuke, umnyweshe. Ladha yake ni kama ya chuma, kwa hivyo usishangae akikunja uso.

Sasa sikiliza vizuri, mama, maana hapa ndipo wengi huachia njiani. Siku ya tatu choo kinashikana, mtoto anacheza, na vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini vimngoje mwingine atakayeugua. Usifanye hivyo. Maliza siku 10 hadi 14 ulizoambiwa, hata kama kuhara kumekoma. Hivyo vilivyobaki ndivyo vinavyorudisha akiba ya mwili, na kumpunguzia mtoto hatari ya kuharisha tena katika miezi miwili mitatu ijayo.

Wala zinki haichukui nafasi ya ORS. Kupotea kwa maji ndiko huua, na kidonge hakirudishi maji. Changanya pakiti kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mpe kidogo kidogo, na uendelee kunyonyesha. Ukiona macho yameingia ndani, damu kwenye choo, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, mbebe uende kituo cha afya mara moja, iwe usiku au mchana.