Jiko la Mkaa Chumbani

Fungueni madaftari. Neno letu la leo ni he-wa.

Mwezi wa Juni na wa Julai, Njombe na Makete huwa na baridi kali. Watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango, huziba dirisha kwa gunia, kisha hulala. Wengine hawaamki tena.

Kwa nini? Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kukalia mahali pa oksijeni. Wengi hudhani mkaa ukiwa mwekundu, bila moshi, hauna hatari. Sivyo! Wako pia waendao kuweka bakuli la maji kando ya jiko. Maji hayaondoi sumu hii.

Basi, washeni jiko nje. Kabla ya kulala litoeni, hata kama mna makaa machache tu majivuni. Kichwa kikiuma, au mkiona kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni upesi. Aliyezimia mburuteni mpaka penye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali. Msimnyweshe maziwa, hawezi kumeza, yatampalia.