DAMU KATIKA MKOJO, NA MWENDO WA KANSA YA KIBOFU
(Mazungumzo kwa wanakisomo wa Umwe)



Leo tunazungumza juu ya kibofu cha mkojo. Wengine mmeanza kucheka. Chekeni, lakini sikilizeni.

Sisi ni watu wa bonde. Tunalima mpunga, tunakaa madunguni, tunavua, tunafua na kuoga kwenye maji yaliyosimama. Humo mna konokono, na kutoka kwa konokono hao hutoka vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hupenya ngozi. Vikishakua minyoo, hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, na mayai yao hukwama kwenye ukuta wa kibofu. Ukuta unavimba, unapona, unavimba tena, mwaka hata mwaka. Mwisho chembe za mahali pale zinaweza kuharibika zikawa kansa. Mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani ilikitia kichocho cha mkojo katika orodha ya mambo yanayoleta kansa bila shaka. Tumbaku nayo imo.

Sasa, kansa ikishaanza, itakwenda wapi? Hapo ndipo penye kazi. Fikirini nyumba ya udongo. Mchwa akiwa juu ya chokaa tu, unamkwangua. Akishaingia kwenye nguzo na fito, habari ni nyingine. Kansa ya kibofu ni hivyo hivyo. Ikiwa bado katika utando wa ndani, daktari hupitisha mrija mwembamba wenye taa katika njia ya mkojo, akauona uvimbe na kuukata bila kupasua tumbo. Ikifika kwenye nyama ya kibofu, mara nyingi kibofu chenyewe hutolewa.

Lakini uvimbe wa watu wawili waweza kufanana kwa macho. Wa mmoja hurudi mara kwa mara ukabaki pale pale juu. Wa pili huchimba. Ndiyo maana wataalamu wanatafuta alama ndani ya uvimbe na ndani ya mkojo. Iko inayoitwa p53. Tuifananishe na mgambo wa kijiji: kazi yake ni kuizuia chembe mbovu isizaane. Mgambo huyu akiharibika, mara nyingi uvimbe huwa mkali. Nyingine ni FGFR3. Hiyo ikibadilika, mara nyingi uvimbe ni wa kurudirudi, ila si mwepesi wa kuchimba.

Je, tuziamini alama hizi? Sisi tunasema polepole. Mwaka 2006 madaktari wa Ulaya walitoa jedwali la kukisia mwendo wa kansa hii, kutokana na wagonjwa karibu 2,600. Walitazama uvimbe uko sehemu ngapi, una ukubwa gani, umewahi kurudi, umefika kina gani, chembe zake ni kali kiasi gani, na kama kando yake iko kansa bapa. Alama za maabara hazikuwamo. Tena alama hizo zimechunguzwa zaidi katika kansa ya kibofu ya Ulaya na Marekani. Ile ya kichocho mara nyingi ni ya namna nyingine. Na baadhi ya vipimo vya mkojo hudanganywa na damu au usaha. Mwenye kichocho aweza kuambiwa ana kansa, kumbe hana.

(Jambo la kushangaza: BCG, ile ile inayowaachia watoto kovu begani, hutiwa ndani ya kibofu ili uvimbe wa juu usirudi. Daktari Alvaro Morales na wenzake wa Kanada waliandika habari hiyo mwaka 1976.)

Mzee mmoja ametuuliza: "Damu imekoma yenyewe, niende kufanya nini?" Mzee wetu, damu ya kansa ina tabia hiyo, hutoka ikakoma, na haina maumivu. Nenda zahanati ukapimwe mkojo. Wakikuta mayai, utapewa vidonge vya prazikwanteli. Damu ikirudi baada ya dawa, usikubali vidonge tena na tena. Omba barua ya kwenda hospitali kubwa, hata Muhimbili, wakaangalie ndani. Na aliyekatwa uvimbe arudi kuchunguzwa baada ya miezi mitatu, hata kama anajiona mzima. Nauli ikiwa shida, mtuambie mapema tuchange, msingoje siku ya safari.